MTI KWANZA, MASHINE BAADAYE
Kuchagua mbao na vifaa vya betri kwa useremala wa nyumbani



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wanafunzi wetu wapenzi, na wazazi wetu mnaosoma jarida hili pamoja na watoto nyumbani. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba watu fulani walibishana juu ya mimbari ya Mtume (s.a.w.), imetengenezwa kwa mti gani. Wakaenda kumuuliza sahaba Sahl bin Saad (r.a.). Yeye aliujua mti wenyewe, aliujua msitu ulikotoka, na alimjua seremala aliyeichonga. Mti ulikuwa wa tarfaa, umetoka Ghaba, karibu na Madina.

Maswali hayo matatu, mti gani, umetoka wapi, na nani ameuchonga, ndiyo tunayotaka kila mwanafunzi wetu ayashike kabla ya kushika msumeno. Tunasema hivyo kwa sababu sisi walimu wenu hatukuyauliza, na tukapata hasara.

KOSA LETU WENYEWE

Wengi wenu mnayakumbuka marufaa yetu ya kwanza. Tulikusanya michango ya wazazi ili tutengeneze marufaa 24 ya kuwekea misahafu, pamoja na rafu moja ya ukutani. Tukapata drili ya betri yenye maandishi makubwa ubavuni: 48V. Tukaona tumepata mashine yenye nguvu kuliko zote. Mbao tukazinunua kwa haraka kwa muuzaji wa kando ya barabara, aliyetuambia kuwa ni kavu. Tukaamini.

Haikupita miezi mitatu. Marufaa yakapinda kama makuti, ukiweka msahafu unateleza upande mmoja. Skrubu za rafu zikalegea zenyewe. Na ile drili ikazimika moja kwa moja. Mama mmoja, ambaye mchango wake aliupata kwa kuuza maandazi, alikuja madrasa, akaliinua rufaa moja na kulitazama. Hakugomba. Aliuliza tu: "Walimu wetu, hii mbao mliuliza imetoka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Fedha ya madrasa ni amana, na aliyepewa amana hawezi kujitetea kwa kusema "tulidanganywa" ikiwa hakuuliza wala hakukagua. Makala hii ni jibu letu kwa mama yule, na ni somo kwa kijana yeyote anayetaka kujifunza useremala wa nyumbani: kigoda, meza, rafu, kitanda, au hata biashara ndogo ya baadaye. Kazi hii ina heshima kubwa. Nabii Nuh (a.s.) aliunda safina, na imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala.

MBAO INA MAJI NDANI

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mbao huvuta na kutoa maji hata baada ya mti kufa. Mti mbichi umejaa maji. Ukipasuliwa, maji huanza kutoka polepole, na mbao hupungua. Lakini haipungui sawasawa pande zote. Kwa urefu hupungua kidogo sana, huwezi kuona. Kwa upana hupungua sana, na kadiri inavyofuata mzunguko wa pete za mti ndivyo inavyozidi kupungua. Ubao mbichi wa upana wa inchi 8 unaweza kupoteza robo inchi, pengine karibu nusu inchi, hadi kukauka. Kwa kuwa upande mmoja wa ubao hupungua kuliko mwingine, ubao hujikunja. Hiyo ndiyo sababu ya marufaa yetu kupinda. Si jini wala hasadi ya mtu, ni maji.

Utajuaje kuwa mbao imekauka? Kuna njia nyepesi inayohitaji mizani ya dukani tu. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si mwishoni. Kipime uzito, andika. Kiweke mahali penye hewa kavu na kivuli, kipime tena kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, kimelingana na hewa ya hapa kwetu.

Wanafunzi wa hesabu wanaweza kupata kiwango kamili. Kipande kikaushwe ndani ya oveni kwenye joto la nyuzi 103 hivi hadi uzito usishuke tena. Kisha toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Mfano: kipande kilikuwa gramu 520, kikakauka hadi gramu 400. Tofauti ni 120. Gawanya kwa 400, zidisha kwa 100, unapata asilimia 30. Mbao hiyo bado ni mbichi. Kwa samani za ndani huku pwani, asilimia 12 hadi 15 inafaa.

Ukinunua mbao mbichi kwa sababu ni rahisi, si dhambi, mradi muuzaji amekwambia ukweli na wewe una subira. Zipange kivulini, juu ya matofali, mbali na ardhi. Kati ya safu na safu weka fito za inchi 1, kila baada ya futi 2 hivi, na fito za juu zikae sawa na za chini, la sivyo mbao zitabonyea. Paka rangi au nta kwenye ncha, kwa sababu ncha hukauka haraka na kupasuka. Mbao ya paini ya inchi 1 huhitaji wiki kadhaa hadi miezi michache. Mbao ngumu na nene huhitaji miezi mingi zaidi.

Tuongeze neno kuhusu mafuriko. Aprili 2024 Mto Rufiji ulipojaa na maji kuingia vijijini Rufiji na Kibiti, wenye mbao walizikuta ndani ya maji na tope. Mbao ya namna hiyo si lazima itupwe. Ioshwe, ipangwe upya ikauke, na isuguliwe kwa brashi ya waya kabla ya kukatwa, maana mchanga uliojificha ndani ya nyufa huua meno ya msumeno.

TIA MKONO NDANI YA LUNDO

Mnakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye lundo la chakula. Aliingiza mkono ndani ya lundo, vidole vyake vikakuta umajimaji, ilhali juu palikuwa pakavu. Muuzaji akasema kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamhoji kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akakemea udanganyifu.

Basi kwenye mbao fanya vivyo hivyo. Mbao za juu ya lundo zimepigwa jua, zinaonekana kavu. Omba uvutiwe ubao wa katikati, kisha fanya haya:

1. Unyanyue. Ubao wa aina moja na kipimo kimoja ukiwa mzito kuliko mwenzake, una maji zaidi.

2. Ushike kwa kiganja au uweke shavuni. Mbao mbichi ina ubaridi.

3. Ugonge kwa kifundo cha kidole. Kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hulia kwa sauti iliyozibwa.

4. Weka jicho kwenye ncha moja na utazame hadi ncha ya pili, kama mtu anayelenga shabaha. Utaona kama umepinda au umejisokota.

5. Tafuta vitundu vidogo vyenye unga mpya. Hao ni wadudu, na wangali hai. Tazama pia mafundo: fundo lililoshikana na mbao halina neno, lakini fundo jeusi lenye mzunguko litadondoka.

6. Pima kwa futi kamba. Ubao uitwao 1 kwa 8 mara nyingi haufiki kipimo hicho. Usihesabu kwa jina, hesabu kwa kipimo.

MITI TUNAYOIPATA

Paini, ambayo wengine huiita msindano, hutoka kwenye mashamba ya nyanda za juu, hasa Sao Hill wilayani Mufindi. Ni nyepesi, inakatika kwa urahisi, na inafaa sana kwa mwanafunzi. Adui zake ni mchwa na ukungu wa rangi ya buluu. Paini iliyotiwa dawa huwa na rangi ya kijani kijani. Usiitumie kwa vyombo vya chakula, na mabaki yake yasichomwe jikoni, moshi wake una sumu.

Mtiki, au msaji, hupandwa Mtibwa, Longuza na bonde la Kilombero. Una mafuta yake ya asili, hivyo unastahimili maji na wadudu. Mafuta hayo hayo huzuia gundi kushika. Futa kwanza kwa kitambaa chenye spiriti, kisha paka gundi mara moja.

Mninga ni mti wa samani hasa. Una rangi nzuri, na sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka hautikisiki, haupindi ovyo. Kwa marufaa na makabati hakuna mzuri kuliko huo. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, unafaa milango na mbao za kubeba mzigo, lakini hauingii skrubu bila kutobolewa kwanza. Mvule huvumilia mchwa, ila mara nyingine huwa na mawe madogo ndani yake yanayovunja meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha. Mpingo ni mgumu mno na ni mzito hata unazama majini. Huo waachieni wachongaji na watengenezaji wa ala, si mti wa kujifunzia.

Tusisahau miti ya mashambani kwetu. Mwembe uliozeeka hutoa mbao za viti na meza, lakini upasuliwe mapema baada ya kuangushwa, la sivyo hushikwa na madoa na wadudu. Mfenesi una rangi ya manjano inayopendeza, nao unachongeka vizuri. Mnazi uliokwisha kuzaa una mbao ngumu upande wa nje, ila moyo wake ni laini na haufai. Huchosha msumeno haraka. Faida ya miti hii ni kwamba mwenye shamba unamjua, na swali la "imetoka wapi" lina jibu mlangoni.

MBAO YA HALALI

Watu wa delta wanajua mikoko kuliko vitabu. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, eneo kubwa kuliko lolote la aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti za huku zilipakiwa majahazini hadi Uarabuni na Ghuba. Vyumba vya nyumba za mawe za Zanzibar ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Mkandaa na msinzi ni miti ya boriti, mchu na mkomafi mafundi wa vyombo wanaijua kazi yake.

Lakini mikoko ni msitu wa hifadhi. Haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na katazo hili lina maana. Mizizi ile ndiyo malezi ya kamba na samaki, na ndiyo ukuta wetu dhidi ya mawimbi. Anayekata kwa siri anamwibia mvuvi ambaye hamjui. Rufaa la msahafu halitengenezwi kwa mti wa wizi.

Miti ya bara nayo ina historia ya uchungu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari yakavuka Rufiji bila kusubiri kivuko, na magogo ya kusini yakamiminika kaskazini. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza jinsi vijiji na halmashauri vilivyopoteza sehemu kubwa ya mapato yao kwa magogo yaliyopita bila kulipiwa. Miti ilikwenda, shule na visima havikujengwa.

Njia nzuri ipo, na haiko mbali. Jirani zetu wa Kilwa, kupitia mradi wa mpingo, walipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu inayosimamiwa na vijiji. Kijiji kinahesabu miti yake, kinauza kwa kiasi, na fedha inabaki kijijini. Kwa hiyo unaponunua mbao ya mti wa asili, omba risiti na muulize muuzaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Muuzaji mkweli hakasiriki ukimuuliza. Akikasirika, umeshapata jibu.

SASA TUJE KWENYE MASHINE

Wazee wetu waliotengeneza majahazi walitoboa kwa keekee, uta unaovutwa mbele na nyuma kuzungusha ncha ya chuma. Drili ya betri ni keekee ile ile iliyopewa mota. Kampuni ya Black & Decker ilitoa drili ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961. Betri za zamani zilikuwa nzito na zilipoteza chaji haraka. Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991 kwa vyombo vidogo, ndizo zilizoingia kwenye drili miaka ya 2000 na kuibadilisha kazi hii.

Ili usidanganyike kama sisi, jifunze maneno mawili. Volti ni kama nguvu ya msukumo wa maji kwenye bomba. Ampea-saa, huandikwa Ah, ni kama ukubwa wa tangi. Zidisha volti kwa Ah, unapata wati-saa, yaani kazi yote iliyomo ndani ya betri. Betri ya volti 18 yenye Ah 2 ina wati-saa 36. Ya volti 18 yenye Ah 4 ina 72. Ya volti 12 yenye Ah 2 ina 24 tu.

Vipi kuhusu 18V, 20V na 21V? Mara nyingi ni kitu kimoja. Ndani ya betri mna seli tano. Kila seli kwa kawaida ina volti 3.6, tano zinafanya 18. Ikijazwa kabisa, seli hupanda hadi volti 4 na zaidi kidogo, tano zinafanya 20 au 21. Mmoja ameandika wastani, mwingine ameandika kilele. Na ile 48V yetu? Tulipoisoma lebo ndogo chini ya betri tukakuta ni ya seli tano kama nyingine. Namba kubwa ilikuwa pambo. Soma lebo ndogo, tafuta wati-saa. Lebo isiyotaja wati-saa wala Ah, irudishe rafuni.

Jambo jingine ni mota. Mota za kawaida zina vipande vya kaboni vinavyosugua na kuisha. Ni rahisi, na kaboni hubadilishwa. Mota zisizo na kaboni ni ghali zaidi, lakini hazipati moto sana, hutumia chaji kidogo na hudumu. Kwa kazi ya nyumbani mara moja kwa wiki, ya kaboni inatosha. Kwa anayetaka kuishi kwa kazi hii, aongeze fedha.

Na kuhusu kampuni: betri ya Makita haiingii kwenye Bosch, wala ya DeWalt haiingii kwenye Ingco au Total. Waswahili husema ukioa umeoa na ukoo. Ukinunua betri umenunua ukoo wa mashine. Kabla ya kununua, waulize mafundi wa karibu nawe wanatumia ipi, na kama betri na vipuri vyake vinapatikana Kariakoo au Gerezani bila shida. Jihadhari na betri za kuigiza zenye jina kubwa na bei ndogo.

KULINGANISHA KIFAA NA MTI

Drili ya volti 12 ni nyepesi, haichoshi mkono. Inatosha kwa paini, bawaba, vitasa na skrubu fupi. Ukiipeleka kwenye mkongo utaisikia inalia na kunukia moto.

Drili ya volti 18 ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba au madrasa inayonunua moja tu. Chagua yenye gia mbili: gia ya 1 ni ya polepole na yenye nguvu kwa skrubu, gia ya 2 ni ya kasi kwa kutoboa. Pete yenye namba shingoni huizuia isikaze kupita kiasi. Anza na namba ndogo.

Mashine ya kukaza kwa kugonga ina nguvu ya kuingiza skrubu ndefu kwenye mbao ngumu, lakini ina kelele, na mara nyingi haina pete ya kuizuia. Mikononi mwa mwanafunzi hupasua mbao na kukata vichwa vya skrubu. Ije baadaye.

Jigso hukata mikunjo na mapambo. Ni nzuri ikiwa una kazi hiyo. Msumeno wa duara wa betri hukata haraka, lakini hula chaji, unahitaji betri ya Ah 4 au zaidi, na ndio wenye hatari kubwa kuliko vyote. Mashine ya msasa nayo humaliza betri upesi. Msasa wa mkono uliofungwa kwenye kipande cha mbao hufanya kazi hiyo bila gharama.

Kwa hiyo orodha yetu ni fupi: drili moja ya volti 18, betri mbili, chaja, na biti nzuri. Vingine vyote viwe vya mkono: msumeno, randa, patasi, nyundo, jiliwa, skwea na futi kamba. Mwenye kujua randa ataijua mashine kwa siku moja. Anayejua mashine tu, umeme ukikatika amekuwa mtazamaji.

Kanuni moja ya mwisho kuhusu kutoboa. Kabla ya kuingiza skrubu namba 8, toboa kwanza tundu la milimita 2.5 kwenye paini, na milimita 3 kwenye mninga au mkongo. Paka skrubu nta ya mshumaa. Kwa tendo hilo dogo, drili ya kawaida itafanya kazi ya drili kubwa.

KWA WENZETU WA VISIWANI

Wanafunzi wetu wanaovuka kwa boti kutoka Nyamisati na vitongoji vya delta huuliza: bila umeme wa gridi inawezekana? Inawezekana, tupige hesabu. Paneli ya sola ya wati 50 ikipata saa 5 za jua kali hutoa wati-saa 250. Tukiondoa upotevu wa nyaya, betri na inveta, tuseme zinabaki 150. Kuijaza betri ya wati-saa 36 huhitaji kama 45. Basi kwa siku njema unaweza kuchaji mara tatu, mradi taa na simu za nyumbani hazijaimaliza.

Chaji mchana, si usiku. Betri iliyotoka moto kazini ipoe kwanza. Usiiache juani ndani ya boti, wala isilowe maji ya chumvi, ikilowa usiichaji. Ikiwa hutaitumia kwa mwezi, iache ikiwa na chaji nusu, mahali pa baridi. Betri iliyovimba ni hatari ya moto, iondoe nyumbani.

MWILI NAO NI AMANA

Vumbi la mbao si la kupuuzwa. Mwaka 1995 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliliweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vaa barakoa, fanyia kazi nje penye upepo, na vaa miwani. Usifanye kazi na kanzu, mikono mipana, au mtandio unaoning'inia. Shungi lifungwe vizuri na ncha ziingizwe ndani. Toa betri kabla ya kubadilisha biti au kisu. Kipande cha mbao kibanwe kwenye jiliwa, kisishikwe na mwenzako. Na msumeno wa duara, hapa madrasa, hautumiwi na mwanafunzi aliye chini ya miaka 18.

TULIVYORUDIA KAZI

Tulianza upya. Safari hii tulinunua mninga kidogo wenye risiti na hati, na paini kwa ajili ya rafu. Tukazipanga kivulini nyuma ya darasa na tukasubiri miezi minne. Wanafunzi wa darasa la juu walipima kipande chao kila Jumamosi na kuandika uzito ukutani kwa chaki. Wengine walichoka kusubiri, nasi walimu pia. Uzito ulipokataa kushuka wiki tatu mfululizo, tukaanza kukata.

Badala ya 24 tukapata marufaa 15, kwa sababu fedha ya mwanzo ilikuwa imekwenda. Tuliwaeleza wazazi hivyo hivyo, bila kuficha. Mwaka umepita, na marufaa yale yanakaa wima. Yule mama alipokuja tena alilinyanyua moja, akaligeuza, akakuta chini yake wanafunzi wameandika kwa penseli: mninga, mahali ulikokatwa, na majina ya waliolitengeneza. Akalirudisha mahali pake na kusema kwamba mwanawe amechelewa kusoma, aitwe.

Tumebakiza marufaa tisa ya kutengeneza. Mbao zake zimeshapangwa kivulini. Mwanafunzi anayetaka kushiriki aje Jumamosi baada ya Alasiri, aje na penseli na daftari kwanza. Drili ataikuta.

Wabillahi tawfiq.